Nilivyotafuta mwalimu wa gitaa la stili nikiwa Moshi

Baba alikuwa na kaseti za waimbaji wa kantri wa Marekani, Jim Reeves na Don Williams, na kila Jumapili baada ya ibada redio ya nyumbani kwetu Uru haikupiga kitu kingine. Maneno ya Kiingereza sikuyaelewa. Nilichokuwa nakisubiri, hasa kwenye zile za Don Williams, ni sauti fulani ya nyuma. Mwimbaji akinyamaza inaingia, inapanda taratibu, inakaa juu kidogo, kisha inashuka kama mtu anayeshusha mzigo kichwani. Haikuwa filimbi wala fidla. Nilimuuliza baba ni nini, akaniambia, "Hilo ni gitaa, mwanangu." Sikumwamini. Gitaa nililijua, kwaya yetu ilikuwa nalo, na halikuwa linalia vile.

Nilikuwa na miaka 31, mhasibu, mama wa mtoto mmoja, mpiga gitaa la ridhimu wa kwaya ya usharika wetu, ndipo nikaja kuliona kwenye video jinsi linavyopigwa. Baba alisema kweli. Ni gitaa, linaitwa gitaa la stili lenye pedali, ila linasimama kwa miguu minne kama meza nyembamba na mpigaji anakaa nyuma yake. Lina nyuzi kumi. Vidole vya kulia vinavaa kucha bandia: ya gumba ya plastiki, mbili nyingine za chuma. Mkono wa kushoto haubonyezi uzi hata mmoja. Unashika kipande cha chuma cha mviringo, kizito, unakitelezesha juu ya nyuzi. Chini ya meza kuna pedali tatu za mguu wa kushoto na nyenzo kadhaa zinazosukumwa na magoti, na mguu wa kulia unakaa kwenye pedali ya kuongeza na kupunguza sauti. Ukikanyaga pedali, fito za chuma zilizo tumboni mwa gitaa huvuta uzi fulani na kuupandisha, huku nyuzi za jirani zimetulia palepale. Hapo ndipo ilipokuwa sauti yangu ya Jumapili.

Nilianza kuuliza. Wapiga soli wa bendi za Moshi waliniambia ni slaidi tu, nivae kichupa kidoleni. Mmoja aliniambia hicho ni chombo cha wazungu, niachane nacho. Sikujibu, lakini nilikwenda kusoma. Kupiga gitaa kwa kutelezesha chuma kulianzia Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi ni kijana wa huko, Joseph Kekuku. Pedali zilikuja baadaye kule Marekani. Mwaka 1954 ulitoka wimbo wa mwimbaji wa kantri Webb Pierce ambamo mpigaji wake, Bud Isaacs, alikanyaga pedali noti ikiwa bado inalia, na baada ya hapo wapigaji wengi wa Nashville, mji wa muziki wa kantri, wakataka gitaa zenye pedali. Na hapa Afrika, King Sunny Adé wa Nigeria aliliingiza katikati ya muziki wake wa juju (ni muziki wa dansi wa Wayoruba, si uchawi), lilipigwa na Demola Adepoju, likakaa na ngoma zile kana kwamba lilizaliwa Ondo. Kwa hiyo wa kulikataa kwa niaba ya Waafrika sikumwona.

Mwalimu wa kwanza nilimpata Arusha. Alisema anafundisha gitaa za aina zote, stili ikiwemo, na akataka nilipie masomo sita kwa mkupuo, shilingi laki moja na themanini. Nililipa. Kila Jumamosi nilipanda basi, kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, na gitaa langu la kawaida mgongoni. Alinipandishia nyuzi juu kwa kipande cha mbao, akaniambia niweke chuma katikati ya freti na freti, vile vichuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, mahali ambapo ungeweka kidole. Nilifanya hivyo kwa miezi. Kila nikicheza nyumbani, baba, ambaye hajawahi kushika ala yoyote, alikuwa ananiambia kwa upole, "Inakaribia, lakini haijafika."

Na kweli ilikuwa haijafika. Kwenye gitaa la kawaida ukibonyeza katikati, uzi hugusa freti na freti ndiyo inayokata sauti. Kwenye stili uzi haugusi freti kabisa. Chuma chako ndiyo mwisho wa uzi, kwa hiyo lazima kikae juu kabisa ya mstari wa freti. Freti ni alama tu, kama mistari iliyochorwa barabarani. Kukaa nyuma yake ni kuimba chini ya noti kila mara, kwa juhudi zako zote. Yule mwalimu hakujua. Sidhani alikusudia kunidhulumu, lakini aliuza kitu ambacho hakuwa nacho, na mimi sikumuuliza hata swali moja kabla ya kutoa pesa. Leo mtu akinifuata na shauku kama yangu namwambia amwombe mwalimu mambo mawili kabla ya senti kutoka: amwonyeshe anavyozima nyuzi asizozihitaji, na amweleze anavyotyuni gitaa lake, uzi kwa uzi. Anayepiga kweli atakujibu palepale kwa vitendo.

Msaada wa kwanza wa maana ulitoka kwa mwanafunzi wa muziki niliyekutana naye Usa River, karibu na chuo cha Makumira. Stili yenye pedali hakuwahi kuigusa, na alisema hivyo tangu mwanzo. Aliniambia, "Dada, usinunue kwanza. Hilo gitaa lako ulilopandisha nyuzi linakutosha kujifunza mkono wa kushoto. Tafuta chuma kizuri tu." Nilikwenda soko la Mbuyuni, kwa muuza vifaa vya magari, nikanunua soketi ndefu ya spana, laini, nzito. Kwa miezi saba nilitelezesha soketi ile kila usiku mtoto akilala. Nilijifunza kuangalia chuma kutoka juu na si kwa pembeni, maana ukiinamisha kichwa jicho linakudanganya. Nilijifunza kulaza vidole viwili vya mwisho nyuma ya chuma ili viguse nyuzi, la sivyo kipande cha uzi kilichobaki nyuma kinavuma na kuchafua kila kitu. Ile miezi saba imenigharimu bei ya soketi, na sijutii hata siku moja yake.

Gitaa lenyewe lilikuja Desemba. Wasomaji wa kwetu wanajua Kilimanjaro inavyojaa mwezi huo, kila aliyeko mbali anarudi nyumbani kula Krismasi na wazazi. Kaka yangu, mtoto wa baba mdogo, anaishi Texas. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikimtumia pesa kidogo kidogo, naye akanitafutia la mtumba: shingo moja, nyuzi kumi, pedali tatu, nyenzo nne. Linafungwa kama sanduku na halikuzidi kilo za begi lake moja la ndege. Kwa anayetaka kujua bei, ajiandae kwa zaidi ya dola elfu moja hata kwa la mtumba lililo zima. Ya bei ya chini sana aliyoyaona kaka yalikuwa na mitambo iliyolegea, na mwanafunzi hawezi kujua kama kosa ni lake au la gitaa. Fito moja ya pedali ilipotea safarini. Fundi pikipiki wa Majengo aliitazama ile iliyosalia, akaniambia nirudi jioni, na jioni alinipa nyingine iliyokunjwa na kukatwa sawasawa. Hakutaka kuamini kwamba ni ya gitaa.

Sasa nilikuwa na chombo, na video zote za dunia. Nilizitazama. Zipo nzuri mno, na wanaozitoa wanastahili shukrani. Lakini nilikwama mahali pamoja kwa muda mrefu. Nilikuwa najua nini cha kufanya, nakifanya, na bado sauti inatoka na matope. Video inakuonyesha mkono wa mwenzako. Mkono wako haiuoni.

Niliandikia wapigaji tisa. Watatu walijibu, mmoja akakubali kunifundisha kwa simu ya video, mzee wa Tennessee, dola 45 kwa saa. Kwetu ni zaidi ya laki moja, kwa hiyo tulikubaliana mara moja kila wiki mbili, Jumatano saa tatu usiku yangu, saa saba mchana yake. (Novemba wenzetu wanarudisha saa zao nyuma, somo likawa saa nne usiku. Nilikosa somo moja kwa kutolijua hilo.)

Somo la kwanza hatukupiga noti hata moja kwa dakika arobaini. Aliniambia nizime amplifaya, nishushe simu chini, nimwonyeshe miguu. Akanyamaza, anatazama. Kisha akaniambia kiti changu kimezidi urefu. Nilikileta cha jikoni, kile kifupi cha kukalia wakati wa kuchambua mchele, akaguna kwa kuridhika. Magoti yakaingia chini ya gitaa na kukaa katikati ya nyenzo bila kuzigusa. Halafu akanifundisha kifundo cha mguu. Pedali ya kwanza na ya pili hukanyagwa pamoja kwa mguu mmoja, nami nilikuwa nanyanyua mguu mzima kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Mguu haunyanyuki. Unalala juu ya zote mbili, na kifundo kinaviringika: kushoto, ya kwanza, kulia, ya pili, ukishuka sawasawa, zote. Nilijaribu mpaka paja likatetemeka. Hakuna video iliyokuwa imenionyesha hilo, kwa sababu kamera zote zilikuwa zinatazama mikono.

Somo la pili lilikuwa la kuzima. Nilidhani kazi ya mkono wa kulia ni kutoa sauti. Akaniambia nusu ya kazi yake ni kuiondoa. Nyuzi za stili hulia muda mrefu, usipoizima noti ya kwanza kabla ya ya pili zinapandana, na hayo ndiyo yalikuwa matope yangu. Upande wa kiganja, ule wa kidole kidogo, unashuka na kugusa nyuzi wakati uleule vidole vinapoinuka. Unapiga, unazima, unapiga, unazima. Aliniacha nifanye hivyo kwa uzi mmoja tu, kwa wiki mbili. Nilirekodi kila usiku na kumtumia kipande cha nusu dakika, naye anajibu kwa sauti, maneno machache. Mara nyingi ni "mapema mno" au "umechelewa".

Niseme jambo moja la kiufundi kwa sababu lilitupotezea masomo mawili. Programu nyingi za simu ya video zina kazi ya kuondoa kelele. Zikisikia sauti ndefu isiyokatika zinaidhania ni feni au injini, zinaifuta. Stili ni sauti ndefu isiyokatika. Mzee alikuwa ananisikia nikianza noti, kisha kimya, akadhani nazizima mapema. Nenda kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kupunguza kelele, iondoe. Na umeme ukikatika, rekodi kwa simu na utume baadaye. Kipande kilichorekodiwa palepale chumbani huwa kisafi kuliko mtandao wa saa tatu usiku.

Sikutarajia kwamba mwalimu wangu mwingine alikuwa ameshakaa mbele yangu kila Alhamisi kwa miaka kumi na miwili. Mwalimu wetu wa kwaya ni mzee mstaafu, anafundisha kwa sol-fa kama alivyofundishwa yeye, anaandika do re mi ubaoni kwa chaki. Noti za mistari hazitumii. Nilikuwa nahangaika kukariri majina ya nyuzi kwa Kiingereza: E, B, G yenye kupandishwa, na kila pedali inabadilisha nini. Siku moja nikambebea gitaa mazoezini, nikamweleza tatizo langu. Akasema, "Achana na herufi, binti yangu. Piga uzi mmoja mmoja, nikusikie."

Nikapiga uzi wa nne. "Do." Wa tano. "So, ya chini yake." Wa sita. "Mi." Wa nane, do tena. Wa kumi, so tena. Alikuwa amegeuka, anatazama dirishani. "Sasa hizo pedali." Nikapiga wa tano na kukanyaga ya kwanza. "So imekwenda la." Nikapiga wa sita na kukanyaga ya pili. "Mi imekwenda fa." Akageuka. "Kanyaga zote mbili, upige nyuzi tatu kwa pamoja." Nikapiga. Do, la, fa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa ziachie. Taratibu."

Nikaziachia. Fa ikashuka mi, la ikashuka so, do ikabaki mahali pake.

"Hiyo ni Amina," akasema.

Ni Amina kweli, ile ya mwisho wa kila tenzi, tangu nikiwa Sunday school. Nimeiimba maelfu ya mara kwa sauti ya pili, nashuka la kwenda so, bila kujua kwamba ndiyo iliyokuwa imefichwa chini ya sauti ya kaseti za baba. Sikulala mapema usiku ule. Nilikaa na gitaa, nikapanga kila kitu upya kwa sol-fa. Pedali ya kwanza peke yake inakupa la, do, mi, ile kodi ndogo (noti tatu kwa pamoja) ya huzuni. Wenzo unaoshusha do kwenda ti unakupa mi, so, ti. Jambo ambalo nilikuwa nalikariri kwa wiki sita liliingia kichwani kwa usiku mmoja, kwa sababu lilikuja kwa lugha niliyokulia nayo kanisani.

Na ni mwalimu huyuhuyu aliyetatua ugomvi wangu na tyuna, kile kifaa cha kupimia nyuzi. Mzee wa Tennessee alikuwa ameniambia nishushe nyuzi za mi, wa tatu na wa sita, chini kidogo ya pale mshale wa tyuna unaposema ni sawa. Nilimtii bila kuelewa, kisha nikawa nazipandisha tena, maana mimi ni mhasibu na mshale ukisema haujafika siwezi kulala. Mwalimu wa kwaya akanisimamisha. Aliita sopran watatu, akawaambia waimbe do, mi, so bila kinanda, washikilie. Kisha akagusa mi ya kinanda. Ilikuwa juu yao. Si sana, lakini ukishaisikia huwezi kuacha kuisikia. Sauti za watu zikipatana zenyewe huishusha mi mahali pake pa kutulia, na kinanda hakiwezi kushuka kwa sababu kila noti yake lazima itumike kwenye funguo zote. Nyuzi za stili zinalia kwa muda mrefu na kwa pamoja kama kwaya, kwa hiyo zinataka mi ya kwaya. Tofauti hiyo ni kama asilimia 14 ya nusu tuni. Nikaishusha. Kodi ikakaa kimya, haitetemeki tena.

Mzee wa Tennessee nilipomsimulia aliniomba nimrekodie wale sopran. Nilimtumia. Aliniambia amewasikilizisha wanafunzi wake wengine.

Kuhusu nyuzi, upesi: wa tatu ndio utakaokukatikia. Sauti yake iko juu kuliko zote na ni mwembamba, inchi 0.011. Nilikuwa naagiza seti nzima kwa ajili ya uzi mmoja, mpaka nilipogundua kwamba uzi wa kwanza wa seti ya kawaida ya gitaa la umeme inayoanzia 11 ni uleule. Unapatikana madukani hapa mjini. Nunua tano, ziweke.

Sasa nina mwaka na nusu. Pedali ya tatu nimeanza kuigusa, nyenzo za goti la kulia bado zinanichanganya, na mtikisiko wa chuma, ule wa kuifanya noti ihema, mzee amenikataza mpaka nipatie freti bila huo. Anasema wanaoanza huutumia kufichia walipokosea. Nimemwelewa.

Jumapili iliyopita mwalimu wa kwaya aliniruhusu nipige kwa mara ya kwanza ibadani, mwisho wa tenzi ya kutoka, noti tatu tu. Kwaya ikashikilia, nikakanyaga zote mbili, nikaziachia. Baba alikuwa benchi la tatu. Alhamisi mwalimu akaniita pembeni kabla wengine hawajafika.

"La imeshuka vizuri," akaniambia. "Mi imechelewa. Unaanza kuachia na kisigino, sivyo?"

Sikuwa nimegundua. Nimekuwa nikiifanyia kazi tangu jana usiku, amplifaya imezimwa, natazama mguu.